Safu ya Lugha: Kiashiria

Neno hili tulilizoea kwenye “viashiria vya uchumi”. Siku hizi liko pia kwenye programu za chati za hisa: hesabu inayochukua bei zilizopita na kuzichora upya. Mfano ni RSI, kipimo cha kasi ya bei cha J. Welles Wilder cha mwaka 1978, ambacho kwa kawaida hutazama siku 14 na kuipa kasi hiyo alama kati ya 0 na 100. Kiashiria tusikiite kitabiri. Kitenzi chake ni kuashiria, kutoa ishara, na mwenye akiba ndogo ndiye huumia zaidi maana hizo zikichanganywa.

Nalipenda zaidi “kiashiria cha kujitungia”, yaani hesabu ambayo mtumiaji anaiandika mwenyewe kwenye programu. Faida yake huonekana pale soko linapokuwa na biashara chache. Soko la hisa la Lusaka, lililofunguliwa 1994, lina hisa zinazoweza kukaa siku kadhaa bila kuuzwa. Bei hubaki ileile, mstari ukalala, mtu akadhani soko limetulia. Basi msomaji wa Kabuta, huko Nchelenge kando ya Ziwa Mweru, aandike sharti lake: kama idadi ya hisa zilizouzwa ni sifuri, siku hiyo irukwe. Hapo wastani wa bei wa siku 20 utakuwa wa siku 20 za biashara kweli.