Mrututu na Chokaa katika Kahawa ya Embu

Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliwaruhusu Waafrika wachache wa Embu, Meru na Kisii kupanda kahawa kwa majaribio. Walowezi walipinga, wakidai kwamba mashamba hayo yangeeneza magonjwa. Lakini chulebuni, ugonjwa wa kuvu uozeshao buni, ulikwisha kuonekana Kenya mwaka 1922.

Basi, msomaji, zitazame dawa za shaba, zilizotumika sana katika kahawa ya Kenya. Ya kwanza ilitangazwa na Millardet huko Ufaransa mwaka 1885. Mbele ya mwalimu wako, yeyusha mrututu katika maji. Utapata maji ya buluu, maangavu. Tia maji ya chokaa. Mara yanakuwa mazito, na chembe za buluu hafifu zinashuka chini. Shaba imekuwa kitu kisichoyeyuka. Ndiyo maana mvua haiiondoi upesi jani. Hutoa shaba kidogo kidogo, ikaua kuvu. Ndoo ya chuma haifai, kwa maana chuma huyeyuka na kuifukuza shaba katika maji.

Kuvu haijui shamba ni la nani. Humshinda asiyejua, na huzuiwa na mkulima ajuaye yatendekayo ndani ya ndoo yake.