Unga, Mafuta na Mizani: Historia ya Maduka ya Samaki wa Kukaanga Andalusia

Katika miji ya Cádiz, Sevilla na Málaga, kusini mwa Hispania, samaki wa kukaanga alizoeleka kwa muda mrefu kama bidhaa ya kununuliwa kwa uzito, akafungwa katika karatasi nene iliyokunjwa kama pembe, kisha akaliwa njiani au kupelekwa kwenye baa ya jirani ambako mnunuzi alilipia kinywaji peke yake. Duka la namna hiyo huitwa freiduría, na katika karne ya 19 mengi ya maduka hayo, hasa ya Cádiz na Sevilla, yaliendeshwa na wahamiaji waliotoka Galicia, jimbo la kaskazini-magharibi mwa nchi, kiasi kwamba wenyeji walizoea kulihesabu karai la samaki kuwa mali ya wageni hao.

Unafuu wa bei ulitokana na mambo mawili yaliyokutana mahali pamoja. Andalusia ni kitovu cha kilimo cha mizeituni, na mafuta yake hayakuwa bidhaa ya kuagizwa kutoka mbali. Na bahari za pande zake mbili, Atlantiki na Mediterania, zilitoa kwa wingi samaki wadogo wasiofaa kwa meza za matajiri: boquerón, ambaye ni wa jamii ya dagaa, ngisi wachanga, dome, na papa wadogo. Papa hao, ambao nyama yao huharibika upesi, hulowekwa kwanza katika siki, kitunguu saumu, bizari nyembamba, oregano na pilipili tamu iliyosagwa. Utaratibu huu, uitwao adobo, ulikuwa njia ya kuhifadhi kabla ya kuwa njia ya kukoleza ladha.

Ufundi wenyewe ni mfupi, na pengine kwa sababu hiyo hudharauliwa na wasioujua. Samaki hutiwa chumvi, akabingirishwa katika unga wa ngano uliosagwa kwa chenga bila yai wala maziwa, kisha akatikiswa katika chekeche mpaka unga wa ziada udondoke, kwa kuwa unga unaobaki huzama, huungua na kuyachafua mafuta ya wateja wote watakaofuata. Mafuta huwa mengi na ya moto sana, takriban nyuzi 180, ili ganda lijifunge kabla nyama haijanyonya mafuta. Huko Málaga, boquerón wachache hushikanishwa mikia na kutumbukizwa pamoja, wakatoka wametanuka kama kipepeo cha mkono.

Asili ya desturi hii hutajwa mara nyingi kwa uhakika uliopita kiasi. Ni kweli kwamba vitabu vya mapishi vya Waislamu wa Andalusia vya karne ya 13 vina sura za samaki, na kwamba Wayahudi waliofukuzwa Hispania mwaka 1492 walikwenda na samaki wao wa kukaanga, ambaye baadaye alifika London na kuwa mmoja wa mababu wa samaki na chipsi wa karne ya 19. Hata hivyo, kukaanga katika mafuta si siri ya taifa moja, na ni salama zaidi kusema kwamba eneo hili lilirithi mazoea ya jamii kadhaa kuliko kumtafuta mpishi wa kwanza.

Ushahidi ulio wazi zaidi umo katika unga. Cádiz, bandari iliyopewa mwaka 1717 makao ya biashara ya Hispania na Amerika, ilikuwa na wafanyabiashara wengi wa Genova, mji wa Italia ambao chakula chake cha kawaida kilikuwa unga wa dengu, ule ule unaotumiwa Afrika Mashariki kwa bajia. Panizas, vipande vya uji mzito wa dengu uliopoa na kukaangwa, vinafanana kwa jina na kwa namna na panissa ya Genova; na unga huo huo huingia, pamoja na wa ngano, katika tortillitas de camarones, chapati ndogo nyembamba za uduvi na kitunguu.

Hapo, katika tofauti ya ngano na dengu, ndipo jambo la gluteni linapoingia, nalo halikuwa na jina katika makarai ya kale. Gluteni ni protini ya ngano, shayiri na rai, na kwa mgonjwa wa siliaki huamsha kinga ya mwili ishambulie utumbo wake mwenyewe. Daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Karel Dicke, aliyeshuku ngano tangu miaka ya 1930 na kuona nafuu ya wagonjwa wake wakati wa njaa ya 1944–45, aliandika hoja yake mwaka 1950. Umoja wa Ulaya sasa huruhusu chakula kiitwe kisicho na gluteni kikiwa na miligramu 20 au chini kwa kilo, na tangu Desemba 2014 mikahawa hulazimika kueleza vizio vilivyomo katika chakula inachouza.

Kwa mwenye duka, kubadilisha unga ni kazi nyepesi, kwa sababu dengu, mahindi na mchele hushika samaki vizuri. Ugumu uko katika mafuta, kwani bei ya chini ilitegemea karai moja kubwa lililopitisha kila aina ya samaki bila kupumzika, na chembe za ngano zilizomo hubaki humo hata unga wa dengu ukifuata. Mwenye kutaka kumhudumia mgonjwa wa siliaki huhitaji karai la pili, chekeche la pili na mafuta yasiyochanganywa, gharama inayomwelemea mwenye jiko dogo kuliko mwenye hoteli. Ndiyo maana baadhi ya wenye maduka wameamua kuiondoa ngano jikoni kabisa, wakawakaangia wateja wote kwa unga mmoja.