Karatasi laini: ilizaliwa vitani, inatufikia kwa barabara ya Kasumbalesa

Wenyeji wa Kasungami, na ninyi familia ambazo vita vimewatoa kwenu na kuwaleta kati yetu: leo tuache kidogo habari za maji na za umeme. Tuangalie kitu kidogo kinachouzwa karibu kila soko la Lubumbashi, karatasi laini. Kuna ile ya chooni, papie ijeniki. Kuna ile ya pua, papie mushwari. Kuna na ile nene ya kukaushia mikono na kupangusia meza. Siku hizi kuna hata zile zinazoandikwa kwenye paketi kwamba zina losheni.

Mwenye franka anaona ni kitu cha kawaida. Asiye nazo anaona ni anasa ya watu wa mjini. Historia yake inaonyesha kwamba wote wawili hawajaijua vizuri. Sehemu ya karatasi hii, jinsi tunavyoiona leo, ilitengenezwa kwa sababu ya majeraha ya vita, wakati pamba ilipokuwa haba. Na habari ya pamba, wazee wa Katanga, Lomami na Maniema wanaijua kwa machungu.

Zamani za Wachina

Karatasi ilianza China karibu miaka 2.000 iliyopita. Katika karne ya 6, mwanachuoni mmoja jina lake Yan Zhitui aliandika kwamba karatasi yenye maneno ya wahenga au majina yao, yeye hawezi kuipeleka chooni. Maana yake ni kwamba wengine walikuwa wanaipeleka. Sisi tunaochana kurasa za kayee ya mtoto aliyemaliza mwaka wa shule, tujue kwamba desturi hiyo ni ya zamani sana.

Mwaka 1393 nyumba ya mfalme wa China iliagiza karatasi 720.000 za chooni kwa mwaka mmoja. Kando ya hizo, jamaa ya mfalme ilitengenezewa nyingine 15.000, laini zaidi na zenye manukato. Kwa hiyo tangu zamani kulikuwa na karatasi ya wote na karatasi ya wakubwa, na tofauti ilikuwa ulaini.

Dawa ndani ya karatasi

Losheni nayo si wazo la jana. Mwaka 1857, huko New York, mtu jina lake Joseph Gayetty alianza kuuza karatasi za chooni zilizotiwa mshubiri, ule mmea ambao wengi wetu tunauita aloe vera. Alisema zinazuia ugonjwa wa bawasiri. Aliuza 500 kwa nusu dola, na jina lake lilionekana ndani ya kila karatasi ukiinua kwenye mwanga. Madaktari walimcheka, na watu wengi hawakununua: kwa nini kulipia kitu hicho wakati gazeti la jana ni la bure?

Mwaka 1879 ndugu wawili wa ukoo wa Scott walianza kampuni yao mjini Philadelphia. Wao waliuza karatasi iliyoviringwa, yaani rolo. Mwaka 1907 kampuni hiyo ikaleta karatasi ya kukaushia mikono. Inasimuliwa kwamba mzigo mzima wa karatasi ulitoka kiwandani ukiwa mnene mno kwa kazi ya chooni, wakataka kuurudisha. Lakini Arthur Scott alikuwa amesikia habari ya mwalimu mmoja aliyewapa wanafunzi wenye mafua kila mmoja kipande chake cha karatasi, ili wasipangusie wote taulo moja ya shule. Basi ile karatasi nene ikakatwa vipande, ikauzwa kama taulo za kutumia mara moja na kutupa.

Tushike hapo. Taulo ya karatasi haikuanza kwa ajili ya fahari. Ilianza kwa sababu taulo moja ya watu wengi inapeleka ugonjwa kutoka mkono hadi mkono. Katika nyumba ambamo familia tatu zinalala pamoja, jambo hilo linaeleweka bila kueleza sana.

Vita, pamba na majeraha

Mwaka 1914 vita kuu vilianza Ulaya. Havikubaki Ulaya. Wanaume wa Kongo walichukuliwa kuwa askari na wapagazi wa Force Publique, wakavuka kwenda kupigana na Wajerumani, na mwezi wa 9 mwaka 1916 jeshi hilo likaingia Tabora. Kila pande za dunia majeruhi walikuwa wengi, na pamba ya kufungia vidonda haikutosha.

Huko Wisconsin, Marekani, kampuni ya karatasi ya Kimberly-Clark ilikuwa na mtaalamu jina lake Ernst Mahler. Kampuni hiyo ikatengeneza kitu kinachofanana na pamba lakini kinachotoka kwenye miti. Ikakiita Cellucotton. Kampuni ilisema kinanyonya mara tano kuliko pamba na kinagharimu nusu yake. Hospitali za vita zikakitumia kunyonya damu.

Wakati huohuo hapa Kongo serikali ya Wabelgiji ilichukua njia nyingine. Mwaka 1917 ilitoa amri ya mazao ya lazima, na pamba ikawa ya kwanza kati ya hayo. Aliyesukuma mpango huo alikuwa mkuu wa kilimo wa koloni, Edmond Leplae. Mwaka 1920 ikaundwa kampuni ya Cotonco ya kununua na kuchambua pamba. Mamia ya maelfu ya wakulima walilazimishwa kulima, kwa bei iliyopangwa na wengine, na aliyekataa aliona faini, jela au fimbo. Baadhi yenu mliohama kutoka kaskazini mna bibi na babu waliolima pamba hiyo.

Basi angalieni mambo haya mawili pamoja. Dunia ilihitaji kitu cha kunyonya. Marekani walikitafuta ndani ya mti, wakatumia mashini. Kongo walikitafuta ndani ya shamba, wakatumia mgongo wa mkulima. Baadaye tulikuwa na viwanda vya nguo, kama Filtisaf ya Kalemie, ambayo wengi wa Tanganyika wanaikumbuka. Navyo vilianguka. Pamba ikatutoka, na karatasi tukawa tunainunua kwa wengine.

Kilichovumbuliwa na manesi

Vita vilipokwisha mwaka 1918, Cellucotton ilibaki nyingi. Lakini kampuni ikasikia jambo: manesi katika hospitali za vita walikuwa wamechukua vile vitambaa vya majeruhi wakavitumia siku zao za mwezi. Mwaka 1920 kampuni ikaanza kuuza pedi, ikaziita Kotex. Hakuna mkubwa wa kampuni aliyewaza hilo kwanza. Waliowaza ni wanawake waliokuwa mbali na nyumba zao, katikati ya vita, bila kitu cha kujisitiri.

Mama na dada mliotembea siku nyingi porini mnajua maana yake. Mara nyingi mashirika yanapoandika orodha ya misaada, unga na mafuta vinatajwa kwanza, na pedi zinatajwa mwisho au zinasahaulika. Historia yenyewe inasema kwamba hitaji hilo ni la vita sawa na hitaji la bandeji.

Mwaka 1924 kampuni hiyo ikatoa karatasi nyembamba zaidi, Kleenex, kwa ajili ya wanawake wa kupaka mafuta usoni. Wanunuzi ndio waliofundisha kampuni kazi nyingine: wakawa wanapengea pua. Ilipofanyiwa uchunguzi katika mji wa Peoria, zaidi ya nusu ya waliojibu walisema wanaitumia kwa pua. Kampuni ikabadilisha matangazo yake, na leso ya karatasi ikaenea duniani.

Inavyotengenezwa

Wengi wanadhani karatasi laini ni karatasi ya kuandikia iliyopunguzwa unene. Sivyo. Miti inapikwa kwa dawa mpaka inakuwa uji wa nyuzi. Nyuzi ndefu, kama za misonobari, zinaleta nguvu. Nyuzi fupi, kama za mikaratusi, zinaleta ulaini. Uji huo unachanganywa na maji mengi sana, karibu sehemu 99 za maji kwa sehemu moja ya nyuzi, unamwagwa juu ya wavu unaokimbia, maji yanachujika.

Kisha utando ule unabandikwa juu ya ngoma kubwa ya chuma iliyojaa mvuke wa moto. Unakauka mara moja. Hapo kisu kirefu kinaukwangua kutoka kwenye ngoma, na kwa kukwanguliwa unajikunja makunyanzi madogo madogo. Siri iko kwenye makunyanzi hayo. Yanafanya karatasi ivutike, iwe laini, na iwe na nafasi nyingi kati ya nyuzi. Maji yanapanda ndani ya nafasi hizo kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi. Tangu miaka ya 1960 viwanda vikubwa vinakausha pia kwa kupitisha hewa ya moto ndani ya karatasi bila kuikandamiza sana, na nafasi zinabaki kubwa zaidi.

Karatasi ya mikono inaongezwa dawa ya kuizuia isiyeyuke ikilowa. Ndiyo sababu haifai kutupwa chooni: ile ya chooni inaachana ndani ya maji, hii inaziba bomba.

Losheni inakuja mwisho, karatasi ikiwa imekauka. Ni mafuta na nta, mara nyingine pamoja na mshubiri, yanayopakwa kidogo juu yake. Joto la ngozi linayalainisha, na pua yenye mafua haichubuki. Zilianza kuuzwa kwa wingi Marekani miaka ya 1980. Lakini mafuta na maji hayapatani: kadiri losheni inavyozidi, karatasi inanyonya polepole zaidi. Tena losheni inalainisha ngozi, haiui vijidudu. Anayelipa zaidi akidhani ananunua dawa, anajidanganya. Na karatasi ya aina yoyote isiwekwe moja kwa moja juu ya kidonda kibichi, kwa sababu nyuzi zinashika.

Kwa nini sisi hatutengenezi?

Reli ilipofika hapa mwaka 1910, mji ulipoanza kuitwa Élisabethville, ilitoka kusini. Tangu wakati ule shaba inatoka na bidhaa za nyumbani zinaingia. Leo kazi ya reli imechukuliwa na makamio ya Kasumbalesa. Rolo ni kitu chepesi kinachojaza nafasi kubwa, kwa hiyo tunalipia safari ya hewa. Ongeza duane na foleni mpakani, ndipo utaelewa bei.

Majirani zetu wamejaribu. Nchini Kenya (nchi, si komini yetu ya Kenya) kiwanda kikubwa cha Pan Paper kilianza kazi Webuye mwaka 1974, kikitumia miti. Madeni yalikibana, mwaka 2009 kikafungwa, na mji mzima uliokitegemea ukaumia, mpaka kiliponunuliwa na wengine mwaka 2016. Lakini Nairobi kampuni ya Chandaria, iliyoanza mwaka 1964, ilichukua njia nyingine: inakusanya karatasi zilizotumika za maofisi na viwanda, inazigeuza tena kuwa uji, inatoa karatasi za chooni na za mezani. Na karibu kabisa na sisi, Ndola, ng'ambo ya mpaka, kuna kiwanda cha Zambezi Paper Mills.

Fundisho liko wazi. Hatuna haja ya kukata miti iliyobaki baada ya makala. Kila siku Lubumbashi inachoma makartoni, makayee na karatasi za maofisi. Hiyo ni mali ghafi. Kinachohitajika ni maji ya kutosha, umeme usiokatika, na mtu wa kulipa wanaokusanya. Watoto wanaookota takataka wapo tayari. Mambo hayo matatu tunayangoja kwa serikali na kwa wenye mitaji.

Kwa sasa, tufanye nini?

Mwaka 2008 kolera ilipiga Lubumbashi na Likasi, na haijatuacha kabisa. Basi anayeweza kununua kitu kimoja tu, anunue sabuni kwanza. Karatasi haishindi sabuni. Kabla ya kula bukari, mikono ioshwe kwa maji yanayomiminwa, na kila mmoja aikaushe kwa kitambaa chake au kwa hewa, si kwa taulo moja ya nyumba yote. Kitambaa cha pamba kilichofuliwa kwa sabuni na kuanikwa juani, nje, si chini ya kitanda kwa aibu, kinafanya kazi ambayo karatasi ilitengenezwa kuifanya. Hata vile vya siku za mwezi.

Karatasi laini ilikuja kujaza nafasi ya pamba wakati pamba haikutosha. Kwa familia nyingi za hapa, pamba iliyofuliwa ndiyo itakayojaza nafasi ya karatasi, mpaka siku rolo itakapotoka kiwanda cha Lubumbashi. Mama anayechana shuka kuukuu ili binti yake ajisitiri, asione haya mbele ya mtu yeyote. Manesi wa 1918 walifanya kama yeye.