Birika na Mkono wa Mwashi

Bwawa la kuogelea la nyumbani halikuletwa pwani yetu na watalii. Katika kisiwa cha Kilwa Kisiwani, juu ya genge linalotazama bahari, yamesalia magofu ya Husuni Kubwa, kasri lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 14 katika zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule yule ambaye Ibn Battuta alimkuta akitawala alipofika Kilwa mwaka 1331. Ndani ya kasri hilo limo birika la kuogea lenye pande nane, lililozamishwa katika ua ulio wazi. Neville Chittick, aliyeyafukua magofu hayo katika miaka ya 1960, alionyesha kwamba kasri lenyewe halikupata kukamilika.

Jina la Sultani tunalo. Jina la aliyezipima pande nane zikalingana, la aliyechoma chokaa, la aliyepiga lipu akiwa amechuchumaa ndani ya shimo kwenye jua la Kilwa, hatunalo hata moja. Nasema hivi si kwa kulalamika tu. Birika ni jengo la ajabu kidogo: ukuta wa nyumba waweza kusimama karne nzima mwenyewe akiwa safarini, lakini birika lisiporudiwa na fundi hukoma kuwa birika.

Shimo kila mtu aweza kulichimba. Kinachozuia maji ni ngozi yake, na ngozi hiyo kwa wazee wetu ilikuwa chokaa. Mawe ya matumbawe yalipangwa juu ya rundo la magogo lililotengenezwa duara, likatiwa moto mpaka jiwe likageuka. Kisha yale mawe meupe yaliyochomwa yakamwagiwa maji au yakaachiwa mvua na umande, yakapasuka na kuwa unga, na unga ukaachwa ukomae. Kadiri chokaa ilivyokaa ndivyo ilivyokuwa laini chini ya mwiko. Ilipakwa kwa matabaka membamba, kila tabaka likisindiliwa na kulindwa dhidi ya jua lisikauke kwa pupa, kwa maana chokaa haigandi kama saruji. Huvuta hewa polepole na kurudi kuwa jiwe, na kazi hiyo huchukua miezi na hata miaka. Mwisho ilikuja niru, nyeupe na nyororo.

Hata hivyo, ngozi hiyo huliwa. Maji ya mvua, kwa kuwa hayana chokaa ndani yake, huiramba ya ukuta kidogo kidogo. Mwenye birika alijua tangu siku ya kwanza kwamba ameingia deni na fundi, na kwamba deni hilo litarithiwa na watoto wa pande zote mbili.

Katika nyumba za mawe za Lamu deni hili lilikuwa dogo, kwa sababu birika lilikuwa dogo, limejengwa kwenye pembe ya choo. Chini yake fundi alizamisha bakuli la kaure, na maji yalipopungua, samaki wadogo waliowekwa humo ili wale viluwiluwi vya mbu walikimbilia ndani ya bakuli. Sijui ramani ya leo inayomfikiria samaki kiasi hicho.

Unguja ya karne ya 19 ilikuza mambo. Seyyid Said alijenga hamamu ya Kidichi mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, na kuta zake zikapambwa kwa nakshi za lipu, tausi na mitende na maua, kwa mtindo wa kwao bibi huyo. Baadaye Seyyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, aliamuru mji upatiwe hamamu ya watu wote, na hapa, kwa nadra, mjenzi anatajwa: Haji Gulamhussein. Ilitumika hadi 1920 hivi. Mtaa ungali unaitwa Hamamni, nayo mabirika yake ni makavu. Wageni hulipa kiingilio watazame mahali palipokuwa na maji.

Kisha ikaja saruji. Joseph Aspdin wa Leeds aliipatia hataza mwaka 1824, na ilipoenea pwani ilionekana kuwa rehema: hushika upesi, ni ngumu, haihitaji mwezi wa kungoja. Kwa jengo jipya la zege haina ubaya. Ubaya huja inapobandikwa juu ya ukuta wa matumbawe na chokaa. Ukuta huo hunywa unyevu na kuutoa. Ukizibwa kwa saruji, unyevu hunasa ndani, chumvi hugeuka chembe nyuma ya lipu, na jiwe husagika. Siku lipu inapoanguka, huanguka na uso wa ukuta.

Mabwawa yanayochimbwa sasa Shela na katika fukwe za Unguja ni ya zege na nondo, na mkandarasi huyakabidhi yakiwa yanameta. Lakini deni la zamani halikufutwa. Maji yenye asidi hula lipu ya saruji kama mvua ilivyokula chokaa, na baada ya miaka kumi hivi lipu ya kawaida hukwaruza nyayo za watoto. Hapo ndipo fundi hujulikana. Fundi wa kweli hugonga sakafu na kuta hatua kwa hatua akisikiliza, kwa kuwa lipu iliyoachana na ukuta hutoa sauti ya mtungi mtupu. Hapo huibandua yote, na hapapaki juu yake ili kuficha. Tena huuliza kwanza habari za maji ya ardhini. Asiyeijua pwani aweza kulimwaga bwawa lote katikati ya masika, ilhali maji yamepanda chini yake. Bwawa tupu ni chombo, nacho chombo huelea: zege huinuka, mabomba hukatika, na tajiri na mkandarasi huonana mahakamani.

Kilwa, magofu yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ulio hatarini mwaka 2004, yakatolewa mwaka 2014 baada ya kazi ndefu ya kuzishika kuta. Kazi hiyo ilihitaji chokaa, na chokaa ilihitaji watu wa kuichoma na mafundi wa kuipaka. Kwa hiyo vijana walifundishwa upya ufundi ambao katika kisiwa hicho hicho, karne saba nyuma, uliweza kushika maji.