Ghala la Watawa Wakimya

Wageni wengi wa Norton St Philip, kijiji cha Somerset kusini mwa mji wa Bath, huanzia baa na kuishia baa. Mimi nilianzia Hinton Charterhouse, kijiji jirani, kwenye magofu ya monasteri iliyoanzishwa mwaka 1232 na Ela, bibi mtawala wa Salisbury. Kutoka hapo hadi baa hiyo hakufiki hata saa moja kwa miguu.

Watawa wa monasteri hiyo walikuwa Wakartusi, watu walioishi kila mmoja katika kijumba chake na kusema kwa nadra sana. Ndio hao waliojenga baa hiyo, George Inn, nyumba yenye kelele kuliko zote kijijini! Walitaka ghala la sufi yao na malazi ya wafanyabiashara waliofuata gulio la kila mwaka, gulio lililodumu hadi 1902.

Simama ng'ambo ya barabara uitazame. Chini ni mawe mazito, na mlango wa tao katikati. Juu ya mawe hayo kuna ghorofa mbili za mbao za mwaloni na plasta, kila moja imechomoza mbele kupita iliyo chini yake. Siri iko kwenye boriti. Fundi hakuzikata zilipofika ukutani. Aliziacha zitokeze nje, akasimamisha ukuta wa juu kwenye ncha zake. Chumba cha juu kikapanuka bila kiwanja kuongezwa hata shubiri. Kwa kawaida mawe huhesabiwa ya karne ya 14, mbao ya karne ya 15, nami sioni kwamba mjukuu alijitahidi kufanana na babu.

Masimulizi hupenda wakubwa. Samuel Pepys, mwandishi wa shajara, alikula hapa Juni 1668 akielekea Bath. Juni 1685 alifika Duke of Monmouth, aliyetaka kumpokonya ami yake James II kiti cha enzi. Akapigana papo hapo kijijini, na kabla Julai haijaisha alikuwa ameshindwa vitani Sedgemoor na kukatwa kichwa. Yote kweli, ila hakuna kati yao aliyeongeza jiwe. Nyumba hii ni kazi ya kondoo.

Mwaka 1539 Henry VIII aliifunga monasteri. Kanisa la watawa halipo tena. Ghala lao bado linauza bia.