Brigedia Hashim Mbita na Hesabu za Ukombozi

Kila Desemba 9 tukikusanyika hapa Joubert Park, pilau likishaliwa na hotuba zikishakwisha, hakosi mmoja wetu wa kusema: "Hawa sisi ndio tuliowakomboa." Wengine huitikia, wengine hucheka. Kuna miaka neno hilo husemwa kwa uchungu, maana msemaji wiki hiyo hiyo ameitwa kwerekwere kwenye foleni ya teksi za Noord. Mwaka jana tuliuliza swali dogo tu: hao "sisi" ni akina nani? Vijana wakamtaja Mwalimu Nyerere. Baada ya hapo, kimya. Hashim Mbita hakutajwa na mtu hata mmoja, na mle ukumbini walikuwemo watu wa Tabora, mji aliozaliwa.

Ndiyo maana safari hii sisi wauguzi tumeomba nafasi katika jarida la Uhuru. Wengi wetu shahada tumezisomea ugenini, historia si fani yetu, lakini kazi ya mzee huyu tunadhani tunaielewa.

Alizaliwa mwaka 1933. Hakuanza na bunduki, alianza na kalamu: alikuwa mtu wa habari, akafika hadi kuwa mwandishi wa habari wa Rais Nyerere. Baadaye akavaa magwanda ya Jeshi la Wananchi, na akashika pia Ukatibu Mtendaji wa TANU. Msomaji kijana asishangae. Baada ya maasi ya Januari 1964 jeshi lile la kurithi kwa Mwingereza lilivunjwa, likajengwa jipya ambalo askari wake aliruhusiwa, tena alitarajiwa, kuwa mwanachama wa chama. Kuvuka kutoka kambini kwenda ofisi ya chama halikuwa jambo la ajabu.

Kisha, miaka ya 1970 ikiwa bado michanga, akapewa kazi iliyomchukua muda wake wote wa utu uzima: Katibu Mtendaji wa Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, OAU. Alikaa hapo hadi mwaka 1994. Magazeti ya zamani yanamwita Kanali Mbita. Ubrigedia ulikuja baadaye.

Kamati hiyo iliundwa Addis Ababa Mei 1963, OAU yenyewe ilipozaliwa, na makao yake yakawekwa Dar es Salaam. Kwenye karatasi kazi ilikuwa nyepesi: kusanya michango ya nchi zilizokwisha kuwa huru, uwapelekee wapigania uhuru. Muuguzi yeyote aliyewahi kukabidhiwa ufunguo wa kabati la dawa kali atakwambia ugumu ulipo. Dawa ni chache, wagonjwa ni wengi, kila ndugu wa mgonjwa anaamini wa kwake ndiye anayeumia zaidi, na asubuhi daftari lazima lilingane na kilichobaki kabatini. Nchi nyingine ziliahidi mchango mkutanoni, zikirudi nyumbani zikasahau. Mizigo iliyoshushwa bandarini Dar es Salaam, silaha na sare na chakula na dawa, ilitakiwa ifike makambini: Kongwa, Nachingwea, Mgagao, na kwingine ng'ambo ya mipaka.

Hapo bado hujauliza mzigo ni wa nani. Zimbabwe ilikuwa na ZANU na ZAPU. Afrika Kusini ilikuwa na ANC na PAC. Angola vyama vitatu, vyote vikitambuliwa kwa nyakati tofauti, vyote vikishutumiana usaliti. Ukimzidishia huyu, yule anapanda ndege kwenda kulalamika kwa rais mwingine. Mwaka 1975 maofisa vijana wa ZANLA waliokuwa kambi ya Mgagao, Iringa, waliandika waraka kwa Kamati ya Ukombozi na kwa serikali za Tanzania na Msumbiji, wakasema kiongozi wao Ndabaningi Sithole hawamtaki tena. Fikiria wewe ndiye Katibu. Ukiwasikiliza unaambiwa umeingilia mambo ya chama cha watu. Ukiwapuuza, vita inalala. Waraka ule ulisaidia kumfungulia Robert Mugabe njia ya uongozi.

Wanaoandika habari zake husema mwanajeshi huyu aligeuka mwanadiplomasia alipopewa ubalozi. Sisi hatukubaliani nao. Ubalozi wake wa Zimbabwe ulikuja mwanzoni mwa miaka ya 2000, akiwa mtu mzima sana. Udiplomasia aliujifunza Dar es Salaam, kwa kukaa meza moja na watu waliokuwa hawasalimiani na kuhakikisha wote wanaondoka na kitu, tena kwa hesabu inayoonekana.

Na matokeo yalionekana. Msumbiji na Angola mwaka 1975. Zimbabwe Aprili 1980. Namibia Machi 1990. Afrika Kusini ikapiga kura Aprili 27, 1994, na mwaka huo huo Kamati ikafungwa kwa sababu kazi ilikuwa imekwisha. Ni ofisi ngapi za Afrika mnazozijua zilizofungwa kwa sababu hiyo?

Baada ya hapo angeweza kukaa kwake akapokea nishani tu, na nishani alizipata, ikiwemo ya Oliver Tambo ya nchi hii tunayoishi. Lakini alikuwa na jambo lililokuwa likimsumbua: waliojua walikuwa wanakufa, na karatasi zilikuwa zinaliwa na mchwa. SADC ikaanzisha mradi wa kukusanya nyaraka na masimulizi ya ukombozi wa kusini mwa Afrika, ukaitwa kwa jina lake, naye akawa mlezi na mshauri wake. Mwaka 2014 vikatoka vitabu tisa, wahariri wakiwa Arnold Temu na Joel Tembe, mchapishaji Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam.

Alifariki Aprili 26, 2015, siku ya Muungano wetu, kesho yake ikiwa Siku ya Uhuru ya Afrika Kusini. Waliokuwa hapa wanaukumbuka mwezi ule. Fujo za kuwapiga wageni zilianzia Durban, zikafika Johannesburg. Hapa mtaani tulikuwa tunafunga milango jua lingali juu, na tuliokuwa na zamu ya usiku tulivua sare kabla ya kutoka wodini, tukatembea kwa makundi na simu tumezificha, maana kupokea simu kwa Kiswahili kulitosha kukuponza. Miongoni mwa waliouawa walikuwemo watu wa Msumbiji, nchi ambayo Januari 1981 makomando wa Afrika Kusini waliivamia Matola kuwaua wana ANC waliohifadhiwa pale. Habari ya msiba wa Brigedia ilitufikia katikati ya hofu hiyo, na tuseme kweli, wengine tuliipita tu.

Kwa hiyo uchungu wa "sisi ndio tuliowakomboa" tunaujua. Ila tukitaka kudai, tudai kwa daftari kamili. Uhuru wetu ulipokuja mwaka 1961 na wauguzi wa Kiingereza wakaanza kufungasha, Mwalimu aliomba msaada kwa ANC, na wauguzi Waafrika wapatao ishirini wakatoka huku Afrika Kusini kwenda kuhudumia wagonjwa katika hospitali zetu. Waliondoka kwao wakijua serikali ya makaburu haitawapokea tena, na wengi walikaa ugenini miaka thelathini. Kamati ya Ukombozi ilikuwa haijazaliwa. Hospitali zetu zilikuwa zinadaiwa kabla Tanzania haijamdai mtu.

Mwenzetu mmoja aliwahi kumpokea wodini mama wa makamo ambaye, aliposikia lafudhi yetu, alisema "shikamoo" kisha akacheka, akijua kwa umri ndiye aliyestahili kuamkiwa. Alisoma Mazimbu, Morogoro, kwenye shule ya ANC iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria Aprili 1979. Hakuuliza habari za siasa. Alitaka kujua kama ile milima ya Uluguru bado inafunikwa na ukungu asubuhi, na kama sisi tunapika mchicha kwa nazi. Siku ya kuruhusiwa tulimletea kwenye kibakuli.

Vitabu vile tisa umoja wetu hauna hata kimoja. Tumepeleka ombi kwa viongozi kwamba sehemu ya mapato ya sherehe hii inunue seti nzima, ikae pale tunapofundishia watoto Kiswahili Jumamosi. Anayesafiri kwenda Dar mwezi huu na ana nafasi kwenye begi amwone mweka hazina kabla ya Krismasi.