Ivermektini: kwa nini humuua mnyoo na kumwacha mbuzi

Kandokando ya Ghuba ya Ferguson, magharibi mwa Ziwa Turkana, samaki na mifugo ni riziki za jirani. Mbuzi au ngamia akishikwa na minyoo au upele, dawa mojawapo inayotumika ni sindano ya ivermektini. Asili yake ni bakteria wa udongo kutoka Japani. Ilianza kutumika kwa mifugo mwaka 1981, na mwaka 2015 Satoshi Ōmura na William Campbell walipata Tuzo ya Nobel kwa ugunduzi huo.

Siri yake iko kwenye kemikali iitwayo glutamati. Seli za neva huipokea kupitia vipokezi, yaani milango midogo kwenye ukuta wa seli. Kwa binadamu, glutamati ikifika seli huamka. Minyoo na wadudu wana pia mlango wa aina nyingine, unaoingiza kloridi na kuinyamazisha seli. Ivermektini huuacha mlango huo wazi. Mnyoo hupooza na kushindwa kula. Mbuzi, ngamia na binadamu hawana mlango huo.

Kutengeneza dawa za vipokezi vya glutamati vya binadamu ni kazi ngumu zaidi, kwa kuwa vimetapakaa ubongo mzima. Ketamini, dawa ya usingizi wa upasuaji, hufunga vile viitwavyo NMDA. Huondoa maumivu, lakini mgonjwa anaweza kuzinduka akiweweseka. Memantini, iliyoidhinishwa Ulaya mwaka 2002 kwa ugonjwa wa Alzheimer, huvifunga vipokezi hivyo hivyo kwa wepesi zaidi.

Huku kwetu Pwani, ivermektini imejaribiwa dhidi ya malaria. Katika utafiti wa BOHEMIA kaunti ya Kwale, wakazi walipewa mikrogramu 400 kwa kila kilo ya uzito, mara moja kwa mwezi kwa miezi 3, ili mbu anayewauma afe. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025 yalionyesha maambukizi mapya yalipungua kwa asilimia 26 miongoni mwa watoto wa miaka 5 hadi 15, wakilinganishwa na waliopewa albendazoli.

Hata hivyo, usalama huo una mpaka. Ubongo wetu una kizuizi kinachoirudisha dawa hii kwenye damu. Ikizidi, hupenya na kugusa vipokezi vingine, na mtu huweza kuyumba, kuchanganyikiwa, kupata degedege au kuzimia kabisa.

Fanya hesabu. Ngamia wa kilo 400 hupewa miligramu 80. Mtoto wa kilo 20, kwa kipimo cha Kwale, angepewa miligramu 8. Chupa ya duka la dawa za mifugo imepimiwa ngamia. Anayemnywesha mtoto humpa mara 10. Dawa ya mtu itoke kwa mhudumu wa afya, baada ya mtu huyo kupimwa uzito.